Mlango Namba Kumi na Nne

Kwa hesabu yake mwenyewe, fundi bomba alikuwa amedanganya mara moja tu maishani. Tatizo ni kwamba uongo ule mmoja alikuwa ameulisha na kuuvisha miaka ishirini na minane, ukakua, ukawa kama mtoto wa nyumbani.

Ulizaliwa siku aliyokwenda kuposa. Baba mkwe, mtu wa maneno machache na macho mengi, alimuuliza amesoma hadi wapi. Ukweli ni kwamba fundi aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu, akaanza kubeba mfuko wa spana wa mjomba wake. Lakini mwezi ule yeye na mjomba walikuwa wametoka kufunga mabomba katika bweni la chuo, na jina la chuo lilikuwa bado mdomoni. Akasema, "Nilifika chuo, mzee. Mwaka mmoja. Ada ikanishinda." Baba mkwe alitikisa kichwa kwa masikitiko, na mke akapatikana.

Uongo ungelala pale pale. Lakini mke aliwasimulia watoto, watoto wakauliza maswali, na kila swali lilidai jibu. Akasema alilala Bweni la Pili. Akasema alikuwa na shati moja, alilifua jioni na kulivaa asubuhi likiwa bichi. Akasema umeme ulipokatika alisoma kwa mshumaa, mpaka nta ikamwagika kwenye daftari la hesabu. Mshumaa ule ndio uliowapendeza zaidi. Na binti yake, aliyeingia chuo hicho hicho, alipopiga simu mwaka wa pili akasema amechoka, amefeli somo, anarudi nyumbani, fundi alizungumza naye saa nzima juu ya mshumaa, akalia kwenye simu. Binti akabaki.

Sasa binti alikuwa anahitimu. Si hivyo tu, alikuwa amechaguliwa kusema kwa niaba ya wenzake wote.

Mkewe fundi hakuweza kusafiri, mguu ulikuwa kwenye plasta baada ya kuteleza uani. Kwa hiyo fundi alifika peke yake, Ijumaa mchana, suti yake ikining'inia mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Mji aliujua. Stendi ilikuwa imehama, lakini barabara ya kupanda chuoni ilikuwa ile ile, maduka ya madaftari na fotokopi yalibanana vile vile, na wanafunzi walitembea katikati ya barabara kana kwamba magari ndiyo wageni. Binti alimpokea, akamwambia hatalala hoteli. Amemtafutia mahali pake hasa. Alitabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

Ilikuwa nyumba ya wageni ya vyumba saba, isiyo na ghorofa, yenye kuta za rangi ya maziwa na baraza lenye viti visivyofanana hata viwili. Ndani kulikuwa na korido moja ndefu, sakafu yake imesuguliwa kwa nta nyekundu mpaka unajiona. Na milango. Ilikuwa mizito, ya mbao za zamani, rangi ya kijani kilichokolea, na kila mmoja ulikuwa na namba nyeupe iliyochorwa kwa mkono. Tatu. Thelathini na moja. Tisa. Ishirini na mbili. Hazikufuatana hata kidogo.

"Unaitambua, baba?" binti aliuliza.

Fundi aliitambua. 

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene, mtu mzima aliyekwisha staafu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alieleza kwamba Bweni la Pili lilipobomolewa, chuo kiliuza milango kwa mnada, naye akachukua minane. Namba hakuzifuta. Wageni aliwaita kwa namba za milango yao, basi ungemsikia akipaza sauti kutoka jikoni, "Tisa, chai yako inapoa," na Tisa akatoka amechomekea shati upande mmoja. Waliowahi kukaa kwenye bweni lile walimwandikia mapema kuomba kulala nyuma ya mlango wao wa zamani. Mmoja wao, mpima ardhi mstaafu, alikuja kila mwaka wakati wa mahafali, na alikuwa anatarajiwa jioni ile ile. Kila mgeni aliyewahi kukaa bweni lile aliandika kwa mkono wake kadi ndogo, namba na mwaka na jina, ikabandikwa ukutani.

"Baba naye alikaa humo," binti alisema. "Baba, chumba chenu kilikuwa namba ngapi?"

Angeweza kusema amesahau. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko yote. Lakini mwenye nyumba alikuwa ametangulia kusema kwamba hakuna anayesahau namba ya mlango wake wa bweni, na fundi, akitafuta namba kichwani, alipata moja tu. Ulikuwa mlango alioufungua na kuufunga mwezi mzima.

"Kumi na nne," alisema.

Mwenye nyumba alimtazama. Akafuta miwani yake kwa upindo wa kanga, akaivaa, akamtazama tena.

"Kumi na nne ninao," alisema. "Uko mwisho kabisa, kulia."

Binti alikwenda mbio kama mtoto wa miaka sita. Kisha sauti yake ikarudi kwenye korido, imechanganyika na kicheko. "Mama, mbona huku ni bafuni?"

"Nilipungukiwa mlango wa bafu," mwenye nyumba alijibu, bila kumwondolea fundi macho. "Ulibaki huo."

Fundi alishusha pumzi. Binti alimsimamisha kando ya mlango, akampiga picha tatu, moja akiwa ameshika kitasa. Kisha akaletewa kadi na kalamu, akaandika kumi na nne, akaandika mwaka, akaandika jina lake, kwa herufi kama za mtu anayeandika ndani ya gari.

Barazani binti alimsomea hotuba. Ilikuwa ya kurasa mbili. Ukurasa wa pili, namba akiwa ameijaza kwa kalamu sasa hivi, ulianza hivi: katika mji huu kuna mlango ulioandikwa kumi na nne, na nyuma ya mlango huo baba yangu alisoma kwa mshumaa; aliondoka hajamaliza; leo nimekuja kumalizia. Alisoma kwa sauti ya chini, akijaribu wapi pa kupumzika. Akaongeza kwamba safari hii chuo kimewaalika waliokaa Bweni la Pili, watu sitini au zaidi, watakaa safu za mbele. Wakisikia namba hiyo watafurahi sana.

"Hotuba nzuri," fundi alisema.

"Umeipenda kweli?"

"Nimeipenda."

Binti alimbusu shavuni akaenda kufanya mazoezi na wenzake. Fundi alibaki amekaa kwenye kiti chenye mguu mfupi, kikimyumbisha mbele na nyuma. Pale kwenye shavu palimwaka moto.

Jioni, mwanga ukiwa bado mwingi uani, mwenye nyumba alimwita amsaidie kukunja mashuka. Yalikuwa makubwa, alisema, na mikono yake si ya zamani. Kila mmoja alishika pembe mbili, wakavuta, wakakaribiana, wakapeana pembe, wakarudi nyuma. Waliponyanyua shuka la pili, fundi alitazama chini akaviona viatu vya mwenye nyumba. Vya kahawia, visigino vifupi, kifungo cha chuma ubavuni. Viatu vya namna ile aliwahi kuvitazama mwezi mzima akiwa amelala chali chini ya masinki, vikipita, vikisimama, vikiuliza maji yatarudi lini. Uso wa mwenye viatu hakuwahi kuujua.

"Nilikuwa matroni wa Bweni la Pili miaka kumi na tisa," mwenye nyumba alisema. "Vuta upande wako. Aliyechora zile namba alikuwa mtu wa ajabu. Alianza mwanzo wa korido akaenda hadi mwisho, kila mlango namba, hakujali ni wa chumba au wa stoo. Kumi na nne aliichora kwenye bafu. Masinki sita, mabomba ya kuogea manne."

"Matano," fundi alisema. "Moja lilikuwa nyuma ya ukuta."

Neno lilikwisha toka. Wote wawili walisimama, shuka limetanda katikati yao.

"Enhe," Matroni alisema polepole. "Matano."

Alisogea, akampa pembe zake, akachukua za fundi, akalaza shuka juu ya lile la kwanza. Alizungumza bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Alisema anawakumbuka mafundi wawili, mzee na kijana, na kijana alikuwa akipiga mluzi ndani ya bomba ili ajue limeziba wapi. Alisema wavulana wa bweni lile anawajua wote, hata walioondoka baada ya muhula mmoja, na ameshawazika kadhaa. Mchana alimfichia kwa sababu ya mtoto. Lakini amemsikia mtoto akisoma barazani, dirisha la jikoni liko pale pale.

"Wale wazee walipanga foleni mbele ya kumi na nne kila asubuhi ya Mungu," alisema. "Taulo begani, wanagonga, wanatukanana. Mwanao akisimama kesho akasema baba yake alisoma humo kwa mshumaa, wataangua kicheko. Na hawatakucheka wewe, baba. Wewe hawakujui."

Fundi alisema atamwambia. Matroni alimuuliza lini. Alisema leo hii. Akachukua simu, akatoka hadi barabarani, akalitazama jina la binti kwenye kioo, akarudi na simu mfukoni. Alijiambia mtoto ana mazoezi. Alijiambia mambo kama haya hayasemwi kwenye simu, kana kwamba si kwenye simu hiyo hiyo alikolilia mshumaa.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kuingia bafuni. Alifunga mlango, akageuka, akauona upande wake wa ndani. Rangi ya kijani haikuwahi kupakwa upya huku. Kwenye usawa wa kifua palikuwa na tarakimu zilizokwaruzwa kwa msumari, moja chini ya nyingine, nne na mkia wake mrefu, saba iliyokatwa katikati. Ni yeye. Mjomba alikuwa akipima ukutani na kumtajia inchi, naye alikuwa hana karatasi. Mwaka wake mzima wa chuo ulikuwa pale, mistari tisa.

Aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, maji yakimwagika bure.

Mlango ukagongwa. "Wewe uliyemo, fanya haraka," sauti ya mzee ilisema, imejaa furaha. Fundi alipofungua, alimkuta mpima ardhi mstaafu, aliyelala nyuma ya ishirini na mbili, taulo begani, mswaki mkononi. "Unajua mlango huu ulikotoka? Tuligonga hapa hapa, ndugu yangu, miaka mitatu. Kuna jamaa alikuwa akiimba humo ndani mpaka maji yanaisha, tukamfungia kwa nje. Kumi na nne. Leo nitawauliza wenzangu kama wanaukumbuka."

Alicheka mpaka akakohoa. Fundi naye alicheka kidogo, kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake.

Saa moja na nusu binti alifika na joho limekunjwa mkononi, kuomba pasi. Matroni alilipokea akasema atalipiga yeye, na akafunga mlango wa jikoni kwa makusudi. Fundi alimwambia binti amfuate mwisho wa korido. Mpima ardhi alikuwa amekwisha toka. Bafu lilinuka sabuni. Fundi alisukuma mlango, akamwonyesha upande wa ndani.

"Haya ni maandishi yangu," alisema.

Binti aliinama. "Ni nini? Hesabu?"

"Vipimo vya mabomba. Kumi na nne kilikuwa bafu hata kule. Mimi sikusoma chuo, mwanangu. Hata sekondari sikuiona. Nilikuja na mjomba wangu kufunga mabomba, tukakaa mwezi, tukaondoka."

Alikuwa amepanga maneno mengine, ya baba mkwe, ya ujana, ya namna jambo linavyokwenda likikushinda. Hayakutoka. Binti alibaki ameinama akitazama tarakimu muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Mshumaa?" aliuliza.

"Hakukuwa na mshumaa."

"Shati?"

"Shati lilikuwa moja. Hilo kweli."

"Mwaka wa pili nilikuwa nimeshafunga begi. Ulizungumza nami saa nzima. Ulilia, baba."

"Kulia nililia kweli."

Alinyanyuka. Hakuwa na machozi, na fundi angependa awe nayo. Aliuliza kama mama anajua. Fundi akasema hajui. Aliuliza Matroni je, na baba yake aliposema anajua, akafumba macho. Aliona sasa picha tatu za jana zilivyopigwa, nani alikuwa amesimama akitazama, na nani alikuwa akichekelea kitasa.

"Ungeniacha niseme," alisema. "Umengoja mpaka leo saa moja na nusu. Jana nilikuuliza umeipenda kweli."

"Nilishindwa."

"Saa nne napanda jukwaani. Nina ukurasa mmoja."

Alitoa karatasi mkobani, akachomoa ya pili, akaikunja mara nne, akaangalia pa kuiweka, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuiweka, akampa yeye. Akaenda kuchukua joho lake. Fundi alisikia hatua zake kwenye korido, hazikukimbia.

Ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa mpaka watu wakasimama kwenye kuta. Fundi alipata kiti safu ya nyuma, chini ya bomba la maji ya mvua lililofungwa vibaya. Alilitazama hilo kwa muda kwa kuwa lilikuwa rahisi kulitazama. Mbele, safu mbili za wazee wa Bweni la Pili walikuwa wakipigana makofi mgongoni. Mpima ardhi alikuwa katikati yao, tayari amewachekesha.

Binti alisema vizuri. Hakutikisika. Alishukuru walimu, akawatania wapishi wa bwalo, akawakumbuka wenzake wawili walioishia njiani. Fundi aliijua hotuba, basi alijua ilipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza.  Pale binti alitazama karatasi isiyokuwepo.

"Wazazi wangu hawakusoma hapa," alisema, "wala mahali panapofanana na hapa. Nawashukuru kwa kunileta."

Ni hayo tu. Watu walipiga makofi, kama wanavyopiga kwa jambo ambalo wengi wao wangeweza kulisema. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kando ya fundi alipangusa macho akasema mtoto huyo kalelewa. Fundi aliweka mkono mfukoni, akaigusa ile karatasi iliyokunjwa, akahisi uso umemwiva kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama. Sentensi ile ilikuwa ya kweli, na ilikuwa fupi, na yeye angeweza kuisema miaka ishirini na minane iliyopita kwa baba mkwe, akamaliza.

Nje, kila familia ilifanya lile lile. Mhitimu alivua joho, akamvika baba au mama, akamwekea kofia, kofia ikakaa upande, picha ikapigwa kwa vicheko. Binti alikuja akasimama kando ya fundi, akaomba mwenzake awapige. Joho alibaki nalo mwilini. Kofia aliishika mkononi. Fundi alisimama wima ndani ya suti yake, mikono chini, na hakuomba.

Mchana alirudi kuchukua mfuko wake. Matroni alimkabidhi kadi, ameibandua ukutani bila kuichana. "Sikuitupa," alisema. "Ni mwandiko wako." Fundi aliitia mfukoni pamoja na ile karatasi. Kisha akasema sinki la bafuni linavuja chini, amelisikia asubuhi, na kama kuna spana ndani ya nyumba atalikaza kabla ya basi. Matroni akasema spana ipo, ila asifikirie kwamba anafuta jambo. Fundi akasema hafikirii hivyo. Sinki linavuja.

Alikuwa chali chini yake, mkono mmoja juu, alipoviona viatu vya binti vikisimama mlangoni. Vyeusi, vipya, vumbi la uwanja wa chuo kwenye ncha.  Baadaye vilisogea ndani, mlango ukafungwa nusu, na akasikia kucha ikipita juu ya mbao, mstari kwa mstari.

"Hii ni ngapi?" binti aliuliza. "Ya nne."

"Kumi na tisa na nusu. Hapo nilikosea. Ilitakiwa ishirini, tukakata bomba la mtu mara mbili, mjomba akanizaba kibao."

Binti hakucheka. Hakuondoka pia.

"Mama atauliza nilisemaje," alisema. "Nimempigia nikamwambia mtandao mbaya. Leo tu ndiyo nimedanganya, na sitaki kuzoea. Utamwambia wewe, baba. Mimi simo."

"Nitamwambia nikifika."

"Sasa hivi."

Fundi alitoka chini ya sinki, magoti ya suti yamelowa. Alifuta mikono kwenye taulo, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha. Binti alikuwa ameegemea mlango wa kumi na nne, ameufunga kwa mgongo wake, hapiti mtu. Alimnyooshea simu yake mwenyewe, tayari inaita.

Ililia mara tatu. Kisha mkewe akaitika, sauti imejaa furaha, akauliza mtoto amependeza vipi, na je, yeye fundi amekiona tena chumba chake.

"Mama watoto," fundi alisema. "Kaa vizuri, weka huo mguu juu. Nina neno."